Noriji au Hariji

Nimezitandaza karatasi zote mezani, hapa Walukuba,
nikazikandamiza kwa kikombe, kisu cha mkate na betri ya redio,
maana upepo wa ziwa hauheshimu nyaraka.

Biblia, jani la mbele, wino umegeuka rangi ya chai:
*Alfred Thurlow, mzaliwa wa Norwich, Machi 1881.*
Daftari la mishahara, kiwanda cha pamba, Namasagali, 1913:
*Thurlo A., fundi wa boila, umri 28, kwao Harwich.*
Nimetoa kwa kalamu, nimetoa tena kwa vidole.
Miaka minne haipo. Haikuibwa, haipo tu.
Na msalaba wa saruji nyuma ya stesheni iliyokufa
umeandikwa *Tharo*, hausemi kwao,
na tarakimu ya mwisho imeliwa na kuvu.

Shangazi Naigaga anaishika Biblia:
“Mtu hadanganyi mbele ya Mungu.”
Baba mdogo Balikowa analishika daftari:
“Mtu hadanganyi mbele ya hela.”
Tangu Pasaka hawasalimiani,
Noriji huyu, Hariji yule,
kwa ajili ya miji miwili
ambayo hata mmoja wao hajawahi kuiona kwenye ramani.

Nikaandika barua, moja huku, moja kule.
Huku walimpata Alfred, mwana wa mshona viatu,
aliyezikwa akiwa na miaka minne.
Kule walimpata Alfred, mwana wa rubani wa bandari,
aliyeondoka asiandike tena.
Miaka minne!
Nilizima taa, nikakaa gizani
na mtoto wa watu ambaye huenda tulivaa jina lake
karne nzima bila kumwomba.

Kisoga, mtu akiwa wawili tunajua la kufanya:
huyu Waiswa, huyu Tenywa, ngoma zipigwe.
Lakini mtu mmoja akiwa wawili, bila mapacha,
ngoma zipigwe za nini?

Usiku ule ndipo nilipozisikia zile silabi za kwanza.
*No*, kwa lugha yake, ni hapana.
*Ha*, kwa lugha yetu, hukanusha: hajui, hakumbuki, hataki.
Pengine karani aliuliza, “Kwenu wapi?”
na yule fundi, mikono imejaa grisi,
akakataa mara mbili, kwa lugha mbili,
karani akaandika miji.

Sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa.
Nasema tu kwamba nilicheka peke yangu saa nane za usiku.

Ila kuna hili, na hili silicheki.
Rejesta ya ubatizo, Kamuli, mtoto wa kwanza:
*Baba, Mwingereza. Mama, mwenyeji.*
Mwenyeji! Kana kwamba ni aina ya udongo.
Naye ndiye hana karatasi hata moja
na ndiye hatujawahi kumgombania:
Balawoli, ukipita mafunjo, nyumba ya tatu,
penye jiwe la kusagia lililopasuka.
Watoto wake hawakuwa na ukoo wa baba,
wakapewa wa wajomba, kwa mkopo,
na mkopo huo hakuna aliyewahi kuja kuudai.
Shangazi anaitwa Naigaga kwa sababu yake.
Anaishika Biblia ya mume,
na jina la mke analibeba bila kulishika.

Jana nilimpelekea kilo mbili za sukari, naye baba mdogo mbili,
wasije wakasema nimeegemea upande.
Kisha nikaifungua Biblia jani la mbele,
chini ya ule wino wa chai,
nikaandika Norwich, nikaandika Harwich,
nikaandika Balawoli, nyumba ya tatu.
Kwa penseli,
atakayekuja apate cha kufuta.
Balawoli niliirudia kwa kalamu.